Wolai wa mwisho wa vuli Lake of the Woods: boti ya jirani inatoa, sisi tunaganda tu. Tunakosea wapi?

Mgeni wa Baridi

Wakuu heshima kwenu, naombeni msaada maana nimerudi na aibu. Niko Brooklyn Park hapa Minnesota mwaka wa tatu sasa, nyumbani ni Tabora kwa hiyo maji makubwa nimeyajulia ukubwani, msinicheke. Jumamosi iliyopita tumeenda Lake of the Woods, lile ziwa kubwa la mpakani na Canada, kuvua wolai (samaki wa huku, walleye), mimi na jamaa wawili wa kazini, tumetoka saa sita usiku tukafika Baudette saa kumi na moja alfajiri, boti ya kuazima ya futi 16, trela inapiga kelele njia nzima. Tukapiga picha na lile sanamu la samaki wanaloliita Willie Walleye, futi 40 wakuu, mrefu kama basi, halafu tukakaa kwenye gari kusubiri kukuche na mwisho wa Oktoba huku jua linatoka karibu saa mbili asubuhi, tumesubiri mpaka chai ikaisha.

Tukashuka na mto Rainy mpaka pale unapoingilia ziwani, wanapaita Lighthouse Gap, tukakuta boti zimejipanga utadhani foleni ya mafuta. Na sisi tukatia nanga hapohapo. Jirani yetu wazee wawili wazungu, mmoja ana kofia ya chungwa, wakuu kwa masaa mawili nimehesabu samaki kumi na moja, wengine wanarudisha wengine wanaweka. Sisi watatu siku nzima tumepata soga (sauger, ndugu mdogo wa wolai) mmoja wa kiganja na mafua.

Vifaa vyangu: rodi nene niliyonunulia kambale, uzi wa paundi 20 ule wa plastiki, jigi ya kijani (ile ndoano yenye kichwa kizito), chambo minyoo maana kiangazi minyoo ilinipa wolai wengi tu kwenye maziwa madogo ya huku karibu na mjini. Tulikuwa tunainyanyua jigi juu na kuishusha, juu na kuishusha, mpaka bega linauma.

Nataka kurudi kabla halijaganda. Shida ni chambo au mahali au saa? Na jingine, yule soga jamaa yangu alitaka kumpasua palepale botini kama tulivyozoea, mzungu wa kofia akatupungia mkono vibaya sana kama tunaiba, hatukuelewa. Kuna sheria?

Jalupo_MN

Minyoo mwisho wa Oktoba? Buda hiyo ni kama kuuza aiskrimu Limuru mwezi wa saba 😂😂 Subiri Mzee Kirumba aamke, huyo ndiye mwenye ziwa.

Mzee Kirumba

Nimeamka. Mgeni usione aibu, mimi nimezaliwa Mwanza, baba alikuwa na mitumbwi miwili, na mwaka wangu wa kwanza pale Baudette nilirudi na sifuri kabisa, hata soga sikumuona. Tena mimi nilikuwa najua kuvua, ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Mahali hamkukosea. Maji yakianza kupoa kuna visamaki vyembamba vya rangi ya fedha, wanaviita shaina, wewe vione kama dagaa tu, vinatoka ziwani na kuanza kupanda mto Rainy. Wolai wanafuata nyuma. Ni hadithi ileile ya sangara na dagaa, anayekula hakai mbali na chakula. Ndiyo maana mwisho wa vuli (hii ya huku ya majani kudondoka, siyo ya mvua) boti zote unazikuta mdomoni mwa mto, Four Mile Bay, pale Gap, na kurudi juu mpaka Baudette yenyewe. Tena majike yanatengeneza mayai saa hizi, mayai watakayotaga barafu ikishayeyuka, kwa hiyo wanahitaji kula na watakula mpaka ziwa lifunge. Samaki walikuwepo chini yenu Mgeni. Walikuwa wanaziangalia jigi zenu zikipanda na kushuka kama lifti.

Tuje kwenye chambo. Maji yako digrii 40 na kitu za huku, kwa zile za nyumbani ni kama 5 au 6. Samaki mwili wake unafuata joto la maji, kwa hiyo kila kitu kwake kimepungua mwendo, hata kusaga chakula. Hakimbizi kitu. Anataka mlo mmoja wenye mafuta upite mbele ya pua yake taratibu. Kiangazi minyoo sawa, sasa hivi nunua shaina wa kugandishwa, maduka yote ya chambo pale Baudette yanauza kwa pakiti. Ndoano ipitishe mdomoni itokee kwenye shavu, halafu mgeuze umchome tena ubavuni ili akae amenyooka na jigi, akijikunja anazunguka kama feni na hakuna wolai atakayegusa hiyo takataka. Na pakiti usiiweke juani wala karibu na hita, shaina akishalainika anachomoka kwenye ndoano kila unaposhusha na wewe unaendelea kuvua na chuma kitupu hujui.

Sasa sikiliza hii maana hapa ndipo nilipopoteza mwaka mzima. Jigi robo aunsi, mkondo ukiwa mkali weka tatu kwa nane. Shusha mpaka iguse chini, UHISI imegusa, halafu inyanyue kama shubiri moja, iache pale. Iache. Vuta pumzi, piga stori na mwenzio, hesabu kumi. Ishushe iguse tena, inyanyue shubiri. Basi. Hakuna kazi ya bega hapo, ni ya kiwiko na kidole.

Na usisubiri kugongwa. Wolai wa maji baridi hagongi, anaegemea. Kiangazi unasikia TAK kwenye rodi, mwezi huu hakuna tak. Unainyanyua jigi kama ulivyoinyanyua mara mia asubuhi hiyo na mara ya mia na moja unakuta imekuwa nzito kidogo, nzito kama imebeba jani lililolowa, huna hata uhakika. Huyo ndiye. Usishtuke ukavuta kwa nguvu, endelea kunyanyua hivyohivyo kwa utulivu mpaka uzito uanze kukuvuta na wewe, ndipo unakaza. Ninyi nina hakika mmeegemewa mara ishirini siku ile na kila mara jigi yenu ilikuwa imesharuka futi nne.

Ndiyo maana ule uzi wa paundi 20 utupe. Kwenye baridi unakuwa mgumu unajiviringa kama springi, hauleti habari yoyote kutoka chini. Chukua uzi wa kusuka paundi 10, mbele funga lida ya florokaboni ya paundi 8 urefu wa mkono mmoja, rodi nyepesi ya futi sita na nusu, na kidole cha shahada kilale juu ya uzi muda wote. Glavu ya mkono huo ikate kidole.

Rangi watu wanabishana mpaka ndoa zinavunjika. Maji ya Rainy yana rangi kama chai ya rangi kwa sababu yanapita kwenye vinamasi na misitu, kwa hiyo dhahabu inafanya kazi, pinki, chungwa, na zile zinazong'aa gizani. Kijani yako siyo mbaya. Mimi sijawahi kuona rangi ikamwokoa mtu anayenyanyua jigi futi nne.

Swali moja nikuulize: kamba yenu ya nanga ilikuwa na urefu gani?

Mgeni wa Baridi

Mzee nimeisoma mara tatu, ahsante sana. Kamba ilikuwa futi 40 nadhani, na maji pale futi 20 hivi. Kwani?

Mzee Kirumba

Kwani mlikuwa mnaburuta nanga siku nzima. Futi 20 za maji, na mkondo, na upepo, unataka kamba futi 100 na zaidi, mara tano ya kina hapo umebana sana, mara saba ndiyo unalala usingizi. Kamba fupi inainyanyua nanga kichwa badala ya kuilaza ichimbe. Boti ikitembea jigi nayo inatembea, haikai pale chini hata sekunde tatu.

Mgeni wa Baridi

Astaghfirullah. Mimi nilikuwa nawaambia jamaa wale wazee ndio wanasogea 🤦🏾‍♂️

Jalupo_MN

😂😂😂 Kofia ya chungwa ikitembea yenyewe juu ya maji

Okay mimi nijibu ya sheria juu nilishawahi kusimamishwa na afisa wa DNR (idara ya maliasili ya Minnesota) pale rampu ya kushushia boti na nilitoka jasho kwa baridi. Kwa upande wa Minnesota pale Lake of the Woods, wolai na soga mnahesabiwa pamoja, sita kwa mtu, na kati ya hao sita wolai wasizidi wanne. Wolai mwenye inchi 19 na nusu mpaka 28 LAZIMA arudi majini, hata akuangalie vipi. Juu ya 28 unaruhusiwa mmoja tu. Wale wa katikati wengi ni majike wanaotaga, hao ndio kiwanda, ukila kiwanda utakula nini mwaka ujao? Sisi tumetoka Homa Bay hiyo somo tulisoma kwa njia ngumu.

Sasa kama umempasua samaki botini afisa atapimaje urefu? Atajua aje ni soga ama wolai? Ndio maana yule mzee alikupungia mkono, hakuwa na ubaya, alikuwa anakuokolea faini. Ukiwa kwenye maji samaki abaki mzima, kichwa na mkia. Ukishatoka nchi kavu unataka kusafirisha minofu, acha kipande cha ngozi na magamba yake kama inchi moja mraba kwa kila mnofu ijulikane ni nani. Kutofautisha, angalia mkia: wolai ana doa jeupe kwa ncha ya chini ya mkia, soga hana. Soga ana madoadoa yamejipanga kwa pezi ya mgongo, wolai ana doa moja jeusi kwa mwisho wa hiyo pezi.

Kitu ingine, mpaka. Mstari uko katikati ya ule mto, upande ule ni Canada. Samaki hajui, lakini leseni yako ya Minnesota inajua. Kuvua upande wa Ontario unataka leseni ya Ontario, na kutia nanga kule ni mambo ya uhamiaji pia, so kama karatasi zako bado ziko kwa lawyer tafadhali kaa kusini ya mstari, weka ramani kwa simu uangalie. Kwenye maji hakuna ukuta, uliza watu wa Migingo. Na hilo ziwa ndio mama ya vituko vya mipaka, kuna kipande cha Marekani kinaitwa Northwest Angle, kwenda kwa gari lazima upitie Manitoba, kisa mkataba wa Paris wa 1783 walichora mstari kutoka kona ya ziwa kwenda magharibi mpaka mto Mississippi, na Mississippi haifiki huko juu hata kidogo, inaanzia kusini. Wazee walikuwa wanagawa ardhi na ramani mbovu. Sounds familiar?

Tulia_Duluth

Jamani mmeongea yote ila hakuna aliyesema laifujaketi na hiyo ndiyo ingetakiwa iwe ya kwanza. Na simaanishi kuwa nayo chini ya kiti, namaanisha MWILINI na zipu imefungwa.

Mimi ni mtu wa Tanga, naogelea tangu nina miaka sita, kwa hiyo nilikuwa na kiburi. Miaka miwili iliyopita Novemba mwanzoni nilikuwa nasukuma boti kutoka rampu, siyo Lake of the Woods ni ziwa dogo tu, mbao ya gati ina barafu nyembamba huioni, mguu ukateleza nikaingia mpaka kichwa. Maji futi saba. Kitu cha kwanza siyo baridi, kitu cha kwanza ni kwamba pumzi inajivuta yenyewe, unahema HAAA bila kutaka, na kama kichwa kiko chini wakati huo umeshakunywa maji. Nilikuwa nimevaa jaketi kwa sababu mume wangu alinigombeza asubuhi ile, likaninyanyua. Niliishika mbao lakini vidole havikufunga, nilikuwa naviona vidole vyangu juu ya mbao na havinisikilizi. Mtu naogelea Raskazone kwenda na kurudi, nimeshindwa kujivuta futi mbili. Mume wangu ndiye alinitoa kwa kola.

Kuna profesa wa University of Manitoba anaitwa Gordon Giesbrecht, amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa utafiti, yeye anafundisha 1-10-1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, usifanye kingine. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado vinakutii, hizo ndizo za kujiokoa. Saa 1 hivi kabla baridi haijakuzimisha. Watu wengi hawafi kwa ile saa, wanakufa kwenye dakika ya kwanza au kumi za kati kwa sababu hakuna kinachowaelea.

Na boti ya futi 16 msitoke nje kwenye Big Traverse, ile sehemu pana ya wazi ya ziwa. Mkiona upepo wa kaskazini magharibi unaamka geuzeni.

Ngosha_StCloud

Hapo kwa Big Traverse nitatofautiana kidogo. Mzee Kirumba nakuheshimu, ila wolai wakubwa kweli siyo wale wa foleni pale Gap, wako nje kwenye tope la ziwa na wanapatikana kwa kurambaza. Unavuta samaki bandia wa plastiki taratibu maili moja na nusu kwa saa, unakagua eneo kubwa. Kukaa kwenye nanga kama kuku anaatamia mimi siwezi.

Mzee Kirumba

Ngosha una boti ya futi 20 na injini ya farasi 200, unaongea ya kwako. Huyu ana boti ya kuazima futi 16. Lile ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya elfu nne na pale Big Traverse ni uwanja mtupu, visiwa vyote elfu kumi na kitu viko upande wa kaskazini, hakuna cha kuzuia upepo. Na kina chenyewe futi 30 na kitu tu. Maji mapana yasiyo na kina mawimbi yake ni mafupi na yamesimama, yanakuja moja juu ya jingine boti haipati nafasi ya kupumua. Victoria ilinifundisha hilo nikiwa na miaka kumi na minne na sitaki kusimulia hapa.

Kurambaza nakubali, na nimepata wa inchi 29 kwa kurambaza. Septemba. Siyo kwa mgeni, siyo mwezi huu.

Ngosha_StCloud

Hapo kwa futi 16 nimekuelewa mzee, nimerudi nyuma.

Mama Mukeke

Habari zenu ndugu zangu. Mimi niko Winnipeg, natokea Uvira. Huku sisi jina wolai hatulijui, Wakanada wanamwita pikerel, na wa Lake Winnipeg ana mgongo wa kijani kama amepakwa rangi. Vuli wanapanda mto Red, tunawafuata kule Selkirk. Huku Manitoba ndoano lazima iwe haina kile kijino cha kuzuia samaki asichomoke, na kwa chambo tunatumia visamaki vya kugandisha au vya chumvi. Kwa hiyo uzi lazima ubaki umekazwa muda wote, ukilegea ameenda.

Lakini nimekuja kwa sababu hakuna anayezungumza juu ya kula! Mnasafiri usiku kucha kwa ajili ya nini? Pikerel hana mafuta ya kutosha kama mukeke wetu wa Tanganyika, nyama yake ni nyeupe na tamu na inakauka haraka, basi msimchemshe saa nzima kama mnachemsha mbuzi. Minofu ioshe, ikaushe na karatasi mpaka isiwe na tone, chumvi, ndimu kidogo, pili-pili, unga wa muhindi mwembamba, mafuta yawe yamepata moto kweli, dakika tatu upande huu tatu upande ule. Wazungu wanatupa kichwa. Usitupe! Kwenye shavu kuna kinyama cha mviringo kama kifungo cha koti, kitoe na ncha ya kisu, hicho ndicho cha mpishi, haulizwi na mtu. Kichwa na mifupa vichemshe na nyanya, kitunguu na limau, mchuzi wa kunywa ukitoka kwenye baridi. Na bugali. Mimi watoto wangu wamezaliwa huku lakini mchuzi wa kichwa wanagombania.

Wenye mimba na watoto wadogo wasile kila siku tu, samaki hawa wa maziwa ya huku wana zebaki, na mkubwa anayo zaidi kuliko mdogo. Mdogo ndiye mtamu pia.

Jalupo_MN

Mama umenifanya nifungue friji saa tano usiku

Mgeni wa Baridi

RIPOTI WAKUU. Tumerudi jana usiku, nimelala masaa kumi na mawili.

Tulienda na kila kitu kama Mzee Kirumba alivyosema, kamba futi 150, shaina pakiti tatu, laifujaketi mwilini tangu kwenye gari (Tulia dada yangu, jamaa walinicheka mpaka walipoiona ile rampu ina barafu, wakanyamaza wakavaa). Gati lilikuwa limeshatolewa kwa ajili ya majira ya baridi, tumeshusha boti na mabuti ya mpira. Asubuhi baridi kiasi kwamba maji yanaganda kwenye pete za rodi, kila dakika tano unabandua vipande vya barafu na kidole, uzi haupiti. Hilo hamkuniambia!

Masaa mawili ya kwanza hakuna kitu. Nikaanza kuchukia hii thread yote kwa ujumla. Halafu jamaa yangu mmoja anatoa simu mfukoni ajibu meseji, rodi ameiweka juu ya goti, jigi imekaa tu haitingishiki, rodi ikainama taratiiibu. Hakuna tak. Imeinama tu kama mtu anasinzia msikitini. Wolai inchi 17. Hapo ndipo niliamini. Nikafunga macho wakuu, kweli nilifunga macho ili nisikilize kidole, shusha, shubiri, ngoja. Na nikalisikia. Jani lililolowa! Nikaendelea kunyanyua, jani likageuza kichwa.

Tumeweka wolai watano na soga saba kwa watu watatu, wote tumewapima. Mmoja alikuwa inchi 25, jamaa amemshika mikono inatetemeka, ananiambia kaka huyu ni zaidi ya kilo mbili, huyu ni wiki nzima ya watoto, tunamrudisha kweli? Nikamwambia kiwanda. Akampiga picha akamshusha majini akamshika mkia kidogo mpaka akaondoka mwenyewe, halafu akakaa kimya kama nusu saa. Jingine, kuna dude lilinasa kwangu likakaa dakika ishirini, mkono umekufa ganzi, tukadhani ni gogo linalotembea, likatokea juu ni stajeni (sturgeon, lile samaki kubwa la chini ya maji) mrefu kama meza, pua kama ya nguruwe. Jirani akatupigia kelele "release! release!" tukakata uzi.

Mama Mukeke shavu nimelipata. Sikumgawia mtu.

Jalupo_MN

Hongera bro! Na mlifanya vizuri, stajeni Oktoba na Novemba hakuna kubeba, ni kushika na kuachia. Kabla hujaondoka pale rampu ulitoa kile kizibo cha kutoa maji kwenye boti? Barabarani kikiwa kimefungwa ni faini, wanaogopa usihamishe vidudu vya ziwa moja kwenda lingine.

Mgeni wa Baridi

Kizibo kilitoka. Ila kuna kitu kinaniuma. Yule mkubwa kuliko wote, alikuwa mkubwa kuliko wa 25, mimi mwenyewe nimemfikisha mpaka pembeni ya boti, nikamuona kabisa lile jicho lake linang'aa kama la paka mbele ya taa ya gari, jamaa akainama kumshika, akapiga kichwa mara moja akaenda na jigi. Nilikosea wapi?

Mzee Kirumba

Wolai akiiona boti lazima apige kichwa mara moja, wote wanafanya hivyo. Kwa hiyo wavu unatangulia majini kabla yake, umezama na umetulia, halafu unamwongoza aingie kichwa kwanza. Hukimbizi samaki na wavu na huinamii kumshika kwa mkono. Wavu wenu ulikuwa wapi?

Mgeni wa Baridi

Kwenye gari.